Waongoza Watalii wa Amboni

Waongoza watalii wa mapango ya Amboni, Tanga, wanastahili pongezi. Ukiingia nao kwenye majabali yale ya chokaa utainama, utatambaa, na popo watakupita sikioni huku tochi ikitangulia. Watakuonyesha maficho yanayosemwa ni ya Osale Otango, mtoro wa miaka ya 1950. Watakusimulia pia kwamba njia moja hutokea Mombasa. Lakini wapimaji wa mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mwongoza hodari hukupa yote mawili, simulizi na vipimo, bila haya, nami napendea hapo. Sisi wa Ngara, wenye maporomoko ya Rusumo, na jirani zetu wa Biharamulo wenye boma la Mjerumani, tuwaalike waongoza hawa waje kuwafunda vijana wetu kazi hiyo.