Kuzuru Hogsmeade kabla ya Kumaliza Vitabu

Tangu zamani wasomaji wamesafiri kwenda kuona nyumba, mto au mji uliotajwa katika hadithi waipendayo. Jambo lililo geni kidogo ni kuujenga mji ambao haukuwapo popote ila vitabuni, kisha kuweka lango na kuuza tikiti. Mfano mashuhuri katika zama zetu ni bustani ya burudani iliyofunguliwa Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, tarehe 18 Juni 2010. Bustani hiyo ni mfano wa kijiji cha Hogsmeade na kasri ya Hogwarts, ambamo mtungaji Mwingereza J. K. Rowling aliiweka hadithi ya Harry Potter, mtoto yatima aliyepelekwa kusoma uchawi. Tarehe 8 Julai 2014 ikaongezwa sehemu ya pili, mtaa wa Diagon Alley, pamoja na gari la moshi la kuziunganisha sehemu hizo. Mengine ya namna hiyo yalijengwa Osaka mwaka 2014, Hollywood mwaka 2016 na Beijing mwaka 2021. Na mwaka 2025 Orlando ikapata sehemu ya tatu.

Makala haya hayakusudii kuihukumu biashara hiyo. Yakusudia kuchunguza swali moja la uhakiki: msomaji ambaye hajavimaliza vitabu hivyo 7, akiizuru bustani, hupata nini, na hupoteza nini? Sitaweza kulijibu bila ya kutaja machache yaliyomo vitabuni, na yafaa nitangaze hivyo mapema.

Neno "hajamaliza" lastahili kuangaliwa kwanza. Lugha yetu hutofautisha baina ya "hakumaliza" na "hajamaliza". Wa kwanza ameacha. Wa pili yu njiani, na kauli yenyewe yaonyesha kuwa mwisho bado watazamiwa. Wasomaji wa kwanza wa Rowling walikuwa katika hali hiyo kwa lazima. Kitabu cha 1 kilitoka Juni 1997 na cha 7 Julai 2007. Na baina ya cha 4, kilichotoka mwaka 2000, na cha 5, kilichotoka mwaka 2003, walingoja karibu miaka 3. Hapakuwa na fedha ya kumnunulia mtu nafasi mbele ya mtungaji. Lakini bustani ilipofunguliwa, vitabu vyote vilikuwa vimekwisha kutoka. Basi msomaji wa leo aweza kufika mwisho wa hadithi kwa miguu kabla ya kufika kwa macho.

Lawama isikikayo mara nyingi ni kwamba bustani hutoboa siri. Hapana shaka hutoboa. Katika Diagon Alley lipo duka la vichekesho la ndugu pacha wa ukoo wa Weasley. Msomaji aliyekomea kitabu cha 3 awajua pacha hao kuwa ni wanafunzi watundu tu. Akiliona duka lao amekwisha kujua habari ambayo mtungaji haikamilishi mpaka kitabu cha 6. Mambo mengine ya ndugu hao siyataji, makala haya yasije yakawa bustani ya pili. Tena, ndani ya benki iitwayo Gringotts, mgeni hupandishwa kigari kinachokwenda kwa kasi gizani, akakutana na sura ya Voldemort, naye Harry na rafiki zake wamo katika jitihada za kitabu cha 7. Ambaye hajapita kitabu cha 3 hajui hata kama adui huyo atarudi kuwa na mwili.

Walakini lawama hiyo ni dhaifu kuliko idhaniwavyo. Wasikilizaji wa tenzi katika pwani yetu aghalabu waliujua mwisho wa kisa kabla mghani hajafungua kinywa, na bado walitokwa na machozi. Mtoto humwomba bibi yake hadithi ile ile ya sungura na fisi usiku baada ya usiku, na bibi akibadili neno, mtoto humkosoa. Kama thamani ya hadithi ingekuwa katika kutojua mwisho wake, hakuna kitabu ambacho kingesomwa mara ya pili. Kama kuna hasara, basi si hasara ya siri. Hatuna budi kuitafuta penginepo.

Mimi naiona katika sarufi. Msimulizi wa Kiswahili huanza kwa -li-, kisha huendelea kwa -ka-: alitoka, akaenda, akamkuta. Kwa kawaida -ka- haisimami peke yake. Hutegemea tendo lililotangulia, nayo huwa tegemeo la lile litakalofuata. Kiambishi hu- ni kinyume chake. Tukisema "hutoka, huenda, hukuta", twaeleza desturi isiyo na jana wala kesho. Vitabu vya Rowling, japokuwa vimeandikwa kwa lugha nyingine, vimejengwa kwa -ka-, kitabu juu ya kitabu, mwaka wa shule juu ya mwaka wa shule. Bustani ni mahali, na mahali hapana uwezo wa kunena ila kwa hu-.

Tuchukue mfano wa joka. Juu ya paa la Gringotts limewekwa joka kubwa, nalo hutema moto kila baada ya muda. Watu hukusanyika chini yake, wakanyanyua kamera, wakashangilia. Ufundi wake ni wa ajabu, nami moto ule ulinishtua kama ulivyowashtua wengine. Lakini joka la kitabu cha 7 ni mfungwa. Limetiwa minyororo chini kabisa ya benki; limekuwa karibu kipofu, na ngozi yake imepauka kwa kukosa jua. Limefundishwa kuogopa mlio wa vyuma, kwa kuwa mlio huo ulifuatwa na maumivu. Harry na wenziwe wakalifungua, wakapanda mgongoni, likapasua njia kwenda juu, likatoka nje, likaruka. Furaha yote ya kurasa hizo imo katika neno hilo la mwisho. Joka la Orlando haliruki. Lilipandishwa paani mwaka 2014 na lingali pale pale, katika nukta moja ya safari yake. Halikutoka gizani, wala haliendi penye uhuru. Aliyesoma hulitazama akajiongezea mwenyewe yaliyotangulia na yaliyofuata. Ambaye hajasoma huona mnyama mkali, basi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa maana wahusu kijiji chenyewe. Katika kitabu cha 3 wanafunzi waliofika mwaka wa 3 huruhusiwa kwenda Hogsmeade siku maalumu, kwa sharti kwamba mzazi au mlezi atie sahihi karatasi ya ruhusa. Harry hana wazazi. Mlezi wake, mume wa dada wa mama yake, hakutia sahihi. Wenziwe wakaenda, yeye akabaki shuleni. Baadaye akaingia kijijini kwa siri, kwa njia ya chini ya ardhi, akijificha asionekane. Na mwishoni mwa kitabu ikamfikia barua ya ruhusa kutoka kwa mtu ambaye wazazi wake walimchagua awe msimamizi wake, mtu ambaye kwa muda mrefu alidhani ni adui. Hapo akajua kuwa yuko mmoja duniani aliye radhi kuliandika jina lake chini ya jina la Harry.

Kwa hiyo Hogsmeade si kijiji cha peremende na mapaa yenye theluji tu. Ni mahali ambapo kuingia kwake kwa haki ni ushahidi wa kuwa na jamaa. Mtungaji amekitumia kijiji hicho, na karatasi moja isiyo na sahihi, kutuonyesha uyatima bila ya kuutajataja. Nguvu ya kijiji yatokana na kukatazwa kwake.

Huko Orlando theluji ya plasta imetanda juu ya mapaa chini ya jua kali la Florida, na karatasi itakiwayo langoni ni tikiti. Tikiti haimwulizi mtu kama ana wazazi au hana. Nilikwenda huko pamoja na mpwa wangu wa miaka 11, aliyekuwa amesoma vitabu 2. Alifurahi mno, wala sina neno baya juu ya furaha ile. Wiki chache baadaye alikuwa katikati ya kitabu cha 3, akaniuliza: "Mjomba, kwani ruhusa ya nini? Sisi si tuliingia tu?" Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo lililonifanya niandike. Hakuna siri iliyokuwa imetobolewa. Mwisho wa kitabu alikuwa haujui bado. Kilichokosekana ni ule uchungu wa mtoto anayebaki nyuma, kwa kuwa msomaji wake alikuwa amekwisha kutangulia kijijini, akanywa kinywaji chake, akatoka. Pale alipopaswa kumsikitikia Harry, alimshangaa.

Haki yataka tutaje pia sifa za bustani. Ziko nyingi, na moja yastahili kuelezwa. Ili kulipanda gari la moshi kutoka upande wa London ya kuigiza, mgeni hupita mahali ambapo, kama vitabuni, watu hupenya ukuta kufika katika kituo kilichofichwa. Kwa ufundi wa kioo na mwanga, walio nyuma humwona aliyetangulia akitoweka ndani ya matofali. Lakini yeye mwenyewe apitaye haoni kitu ila njia yenye kona. Muujiza ni wa wanaosubiri zamu yao. Sidhani kuwa mafundi walikusudia fumbo lolote, ila kwa msomaji jambo hilo lina mafunzo: katika hadithi hii, kama katika nyingine ndefu, mwenye kungoja ndiye aonaye.

Hasara ya tatu ni ya picha. Bustani haikujengwa kwa kufuata vitabu moja kwa moja, bali kwa kufuata sinema 8 zilizotolewa baina ya 2001 na 2011. Naye Stuart Craig, aliyeyabuni mandhari ya sinema hizo, alishiriki pia katika kuyabuni majengo ya bustani. Kwa hiyo mgeni haingii katika Hogsmeade ya Rowling, wala si katika Hogsmeade yake mwenyewe, bali katika ile iliyokwisha kukatwa na fundi mmoja na wenziwe. Aliyemaliza vitabu huja na kijiji chake kichwani; vijiji viwili hushindana, na mara nyingi chake hakishindwi kabisa. Ambaye hajamaliza hana cha kushindanisha. Watu wa Unguja na Pemba wana Giningi yao, makao ya wachawi katika masimulizi, na Muhammed Said Abdulla alilitumia jina hilo katika hadithi yake Kisima cha Giningi, iliyochapishwa mwaka 1968. Hakuna aliyeijenga Giningi kwa saruji. Kila aliyesimuliwa amejijengea yake, na hofu aliyoitia ndani ni hofu yake. Yeyote atakayefikiri siku moja kuwajengea wageni Giningi ya tikiti, na afikiri pia juu ya watoto watakaoijua kwa njia hiyo tu.

Wako watakaosema kuwa mtoto aliyeizuru bustani hurudi nyumbani na njaa ya kusoma. Yamkini ni kweli, nami nisingependa kumzuia mtoto asiyesoma kabisa. Kwake yeye lango ni lango, na akitokea humo akashika kitabu, tushukuru. Hoja yangu yamhusu yule aliye katikati, ambaye amekwisha kuanza na anaendelea vizuri. Huyo hahitaji kutiwa njaa, anayo. Ahitaji kuachwa afuate -ka- mpaka mwisho wake.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wanaotaka ushauri wa matumizi, nawapa huu. Msomaji asiingie Hogsmeade kabla hajamaliza kitabu cha 3, wala asiingie Gringotts kabla hajamaliza cha 7. Diagon Alley yenyewe, kama mtaa, yaweza kuonwa mapema, maana mtungaji mwenyewe amemwingiza Harry humo katika kitabu cha 1; yatosha kulikwepa duka la pacha. Tena yafaa ijulikane kuwa bustani ilijengwa kwa kupindua mpango huo: Hogsmeade ilitangulia mwaka 2010, na Diagon Alley ikafuata mwaka 2014. Msomaji si lazima afuate mpango wa wajenzi. Na kama tikiti imekwisha kununuliwa na siku imewadia, basi mtu mzima amsomee mtoto sura za ile karatasi ya ruhusa usiku wa kuamkia safari. Akifanya hivyo, mtoto atakapopita chini ya lango la kijiji atajua kuwa yuko mwenziwe aliyezuiwa pale, na ni kwa sababu gani.

Haya ndiyo niliyoyaona. Sarufi ya mahali, ikilinganishwa na sarufi ya masimulizi, ni uwanja mpana ambao haujalimwa vya kutosha katika lugha yetu, na wenye maoni mengine wanakaribishwa kuyaleta katika kurasa hizi.