Mshono wa Bawa

Ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, husikika hadi Kenyatta Market, juu ya cherehani na moshi wa nyama choma. Wengi hapa wamezizoea, hawainui vichwa. Mimi bado huinua, kwa sababu baadhi ya ndege za aina hiyo zimevishwa kitambaa, na fundi anayezishona anastahili sifa ambazo hajapewa.

Namsifu hasa anayeichukua ndege kuukuu ya watu wawili na kuifanya ya viti vinne, ya kutua porini. Chukua Piper Colt, iliyotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni iliipata kwa kuipunguza Tri-Pacer, ndege yake ya viti vinne: kiti cha nyuma kikatolewa, mlango wake ukafutwa, flapu za mabawa zikaachwa, ikatiwa injini ya nguvu farasi 108. Ikawa ndege ya wanafunzi, ya kutua kwenye lami. Fundi anayeibadilisha anairudishia umbo la nduguye mkubwa, kama mshonaji anayefumua koti akakuta kitambaa cha akiba kimekunjwa ndani ya mshono.

Kwanza huivua kitambaa chote. Mabomba ya chuma yakibaki wazi, hukagua kila kiungo akitafuta kutu, hasa kwenye mabomba ya chini kuelekea mkiani, ambako unyevu hujikusanya. Kisha gurudumu la pua huondolewa. Ardhi yetu ina mashimo ya ngiri, na gurudumu hilo likizama shimoni, mguu wake huvunjika na propela hula udongo. Magurudumu makubwa husogezwa mbele ya kitovu cha uzito, jingine dogo likafungwa mkiani. Gharama ya badiliko hili humwangukia rubani: ndege ya mkia ikigusa ardhi hutaka kugeuka, mkia uje mbele, na miguu ya rubani haipumziki pedalini mpaka injini izimwe.

Injini nayo lazima ikue. Wilson iko futi 5,500 na zaidi juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 25, ndege huhisi kama iko futi 8,000, na injini ya kawaida hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Kwa hiyo zile farasi 108 hupisha 150 au 160. Hakuna kinachofungwa kwa kukisia: kila badiliko lina michoro iliyoidhinishwa na huandikwa kwenye kitabu cha ndege.

Halafu inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote. Kitambaa cha poliesta hugundishwa kwenye fremu kikiwa kimelegea, kisha hupigwa pasi. Pasi ileile ya nyumbani, ila fundi ameipima kwa kipimajoto: huanza nyuzi 120 hivi, akapanda hatua kwa hatua hadi 177, na kitambaa hukaza mpaka ukikigonga kinalia. Baada ya hapo sindano ndefu hupenya bawa kutoka juu hadi chini, ikizunguka kila ubavu kwa uzi uliotiwa nta, fundo baada ya fundo. Nyuma ya propela, upepo unakopiga kwa nguvu, mafundo hukaribiana zaidi. Yote hufunikwa kwa utepe na rangi. Abiria hataliona hata fundo moja, wala fundi hatalegeza hata moja kwa sababu hiyo.

Wilson ilihitaji mikono ya namna hii tangu mwanzo. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, enzi ambayo ndege ndogo zilikuwa za mbao na kitambaa, na leo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linatumia uwanja huo huo kwa ndege zake za doria, zikiwemo Super Cub za watu wawili, nazo za kitambaa.

Mwisho ndege hupandishwa mizani, tupu. Kikomo cha Tri-Pacer yenye farasi 160 ni kilo 907. Tuseme tupu ina kilo 520, na mafuta ya matangi mawili kilo 98: zimebaki 289. Watu wanne wa kilo 75 wameshazidi, bila begi. Fundi mwaminifu humwambia hivyo mwenye ndege kabla hajapokea malipo: safari ya wanne ni ya alfajiri, matangi yakiwa nusu.