Feni za Usiku za Eastgate

Jengo la Eastgate jijini Harare lilipofunguliwa mwaka 1996, habari iliyovuma ni ya mchwa: msanifu majengo Mick Pearce alikitazama kichuguu, akapata namna ya kupoza ofisi bila kiyoyozi cha kawaida. Simulizi hiyo ni tamu, ila inazificha feni. Eastgate linazo nyingi, na bila mtu wa kuziwasha na kuzizima kwa saa zake, ofisi zingechemka kama nyingine. Kazi kubwa ya Pearce na wahandisi wa kampuni ya Arup ilikuwa kuchora kuta na ratiba ya feni kwa pamoja.

Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana na usiku hupishana kwa nyuzi joto 10 hadi 14, na pengo hilo ndilo mtaji wa mfumo mzima. Makundi 32 ya feni huvuta hewa kutoka uwazi mkubwa ulio kati ya majengo mawili ya orofa tisa, huichuja, kisha huisukuma kwenye mifereji iliyo katikati ya kila jengo. Kutoka humo hewa hupita chini ya sakafu zenye uvungu na kuingia ofisini kwa matundu yaliyo chini ya madirisha. Ikishapata joto hupanda darini, ikatokea kwenye dohani 48 za matofali zilizo juu ya paa.

Usiku feni kubwa hubadilisha hewa mara 10 kwa saa, na zege hupoa. Mchana feni ndogo hubadilisha hewa mara mbili tu, huku zege lililopoa likifyonza joto la watu, taa na kompyuta. Kwa kutonunua mitambo mikubwa ya kupoza, mwenye jengo inasemekana aliokoa takriban dola milioni 3.5 za Marekani.

Sasa tazama dari. Zimeachwa wazi, zege tupu lenye umbo la kuba. Mpangaji akija na fundi wake wa jipsamu akaifunika dari ili ofisi ipendeze, anakata mawasiliano kati ya hewa na zege, na feni za usiku zinakula umeme bure. Madirisha nayo hayafunguki, na upande wa kaskazini, linakopiga jua, hayatakiwi kuzidi asilimia 25 ya ukuta. Haya yote ni maamuzi ya uendeshaji yaliyofanywa na msanifu kabla msingi haujachimbwa.

Kwetu kawaida msanifu hukabidhi michoro na funguo, akaaga. Msimamizi wa jengo hurithi joto asilojua chanzo chake, na muda si mrefu ukuta wa nje umejaa viyoyozi.

Anayetaka kuiga Eastgate asikimbilie dohani. Nairobi, yenye usiku wa baridi, ina mtaji wa kufanana na wa Harare; lakini kwa Dar es Salaam na Mombasa, ambako usiku nao una joto na unyevu, zege halitapata cha kuweka akiba. Cha kuiga popote ni utaratibu wa kuuliza mapema: nani atawasha feni, saa ngapi, na mpangaji atakatazwa nini. Jibu la swali la mwisho huandikwa kwenye mkataba wa pango, kwa hiyo msanifu aupitie kabla haujasainiwa.