Zimamoto Wamefika, Maji Yako Wapi?

Moto ukiteketeza nyumba za mabati Kiandutu mjini Thika au ghorofa ya kupanga Githurai 45, lawama ya asubuhi yake huwa moja: zimamoto walichelewa. Mara nyingi ni kweli. Shida ni kwamba kuchelewa huko husimuliwa kama kosa la dereva, na dawa inayotolewa mwaka nenda mwaka rudi ni ileile: gari jipya jekundu, utepe, hotuba na kamera. Tukiifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, tangu mtu anapoona moshi hadi maji yanapotoka kwenye mpira, tutakuta barabara ni kipande kimoja tu cha hasara. Dakika nyingi hupotea kabla gari halijatoka kituoni, na nyingine baada ya gari kufika.

Tuanze na simu. Mkaaji wa Ruiru, hapa kaunti ya Kiambu, aliyeona moto atampigia nani? Nambari za 999, 112 na 911 huishia kwa polisi. Shirika la Msalaba Mwekundu lina 1199 yake kwa ambulansi, St John nao wana nambari zao. Zimamoto wa kaunti wana simu ya kituo, ambayo wengi wetu hatuijui mpaka nyumba ya jirani inawaka na mtu anaanza kuitafuta kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Polisi akipokea habari, naye inambidi awapigie zimamoto. Kila mkono unaoipokea habari hiyo hula dakika yake. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni la taifa zima na nambari yake ni 114, Mwanza kama Mtwara. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliipa kila kaunti wajibu wa kuzima moto na wa kuendesha ambulansi. Kuikabidhi kaunti kazi hiyo si kosa hata kidogo. Kosa ni kuikabidhi kazi bila kuunda chumba kimoja cha kupokea simu.

Simu ikishapokewa, swali la pili ni "Mko wapi?" Hapo ndipo Ruiru inapowatesa watu. Mji huu ulikuwa mashamba ya kahawa, yakakatwa ploti za futi 50 kwa 100 na 40 kwa 80, kisha kila mwenye ploti akajenga ghorofa. Sensa ya 2019 iliukuta na wakaaji zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya Thika yenye watu zaidi ya 250,000. Njia nyingi za ndani hazina jina lililoandikwa popote, nyumba hazina nambari. Anayepiga simu husema "karibu na stage, nyuma ya kanisa la mabati, ulizia kwa mama wa mboga." Jirani anaelewa. Dereva wa lori la tani kumi na zaidi, usiku, stima zikiwa zimepotea, ataishia kwenye kichochoro asichoweza kugeuzia.

Umbali nao una hesabu yake. Gari likitumwa kutoka Thika hadi Ruiru, ni kama kilomita 20. Gari zito likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni dakika 20 barabara ikiwa wazi. Thika Superhighway iliyofunguliwa mwaka 2012 imesaidia sana, ila ina kizuizi katikati: ukiwa upande usio wako, unamwona mwenye shida ng'ambo ya pili na huna budi kuendelea hadi makutano yanayofuata ndipo ugeuke. Sasa weka dakika hizo kando ya tabia ya moto wenyewe. Chumba chenye makochi ya sponji, mapazia ya nailoni na kapeti la plastiki huweza kufika hatua ya kuwaka chote kwa mkupuo katika muda usiozidi dakika 5. Maana yake ni kwamba hata kituo bora kabisa hakitakiokoa chumba cha kwanza. Kazi halisi ya zimamoto ni kukiokoa cha pili, cha tatu na cha nne. Hiyo ndiyo kazi inayohitaji maji mengi, tena yasiyokatika.

Hapa kwenye maji ndipo ninapotaka tukae.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000, ukubwa wa kawaida. Mpira mmoja wa kushikwa kwa mkono hutoa takriban lita 400 kwa dakika. Mipira miwili ikifunguliwa ni lita 800. Gawanya: tangi limekauka kwa dakika 6 na sekunde chache. Umati unaotazama hauijui hesabu hiyo. Unaona gari limefika kwa king'ora, limemwaga maji kidogo, limekunja mipira na kuondoka moto ukiwa bado unawaka. "Wamekuja bila maji!" Mawe yanaanza kurushwa. Kumbe gari linakwenda kujaza, na safari ya kwenda, kujaza na kurudi ikichukua nusu saa, moto umepewa nusu saa ya kula mabati ya watu bila kusumbuliwa. Lori la maji la lita 10,000 likifuatana na gari hilo litaongeza dakika 12 na nusu. Ni msaada mkubwa, lakini bado ni kuhesabu dakika.

Kinachokata mzunguko huo ni bomba la zimamoto la barabarani, lile linalounganishwa moja kwa moja na mtandao wa maji wa mji. Thika na Ruiru zina kampuni zao za maji, THIWASCO na RUJWASCO, na mabomba makubwa ya kulisha miji hii yapo chini ya ardhi. Lakini bomba la zimamoto lina maisha magumu katika mji unaokua haraka. Barabara hupanuliwa na bomba likafunikwa kwa lami. Mwenye kioski hujenga juu yake. Mfuniko wa chuma huibwa ukauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hata likibaki wazi, maji yakiwa ya mgawo, siku mtaa usipokuwa na zamu ndiyo siku bomba lake linakohoa hewa. Nguvu ya maji iliyopangwa kwa ajili ya mji wa zamani haiwezi kuwa ileile baada ya kila ploti kuota ghorofa tano.

Mtu atasema: Thika ina mito miwili, Chania na Thika yenyewe, na maporomoko yake yako pale hoteli ya Blue Post, unayasikia kutoka barabarani. Kwa nini gari lisinyonye mtoni? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye fizikia. Pampu haivuti maji. Huondoa hewa ndani ya mpira wa kunyonyea, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Mombasa, usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuyapandisha mita 10 na kidogo kinadharia. Thika iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, hewa ni nyepesi, na kikomo hicho hushuka hadi karibu mita 8.6. Ondoa msuguano ndani ya mpira na hewa inayopenya kwenye viungio, fundi mwangalifu atapanga mita 6 hivi. Mto ulio ndani ya bonde refu lenye kingo za mwamba hausaidii, hata ukiwa umefurika. Unahitaji mahali ambapo lori zito linaweza kusimama karibu na maji, juu ya zege, mita chache tu kutoka usoni pa mto. Sehemu kama hiyo hujengwa kwa zege na kokoto, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na gari jipya. Haina utepe wa kukata, labda ndiyo sababu husahaulika.

Kuna kitu kidogo zaidi kinachoweza kuharibu yote: kiungio cha mpira. Magari ya zimamoto ya asili ya Uingereza hutumia viungio vya kusukuma hadi vibane. Yale ya Ujerumani na Poland hutumia viungio vya Storz, ambavyo hushikana kwa kuzungushwa. Magari mawili yakikutana kwenye moto mmoja, moja la Kiambu na jingine la Nairobi au la kambi ya jeshi, na hakuna kipande cha kuyaunganisha, basi maji yaliyo ndani ya moja hayaendi kwenye jingine. Vipande hivyo huenea ndani ya sanduku moja la chuma.

Wazima moto wenyewe hawajakosa ujuzi. Tangu katikati ya miaka ya 2010 shirika la misaada la Poland, PCPM, limewafundisha wazima moto wa Kiambu na wa kaunti nyingine, na kaunti hii ikapata kituo cha mafunzo. Aliyefundishwa kuingia kwenye moshi akiwa na mtungi wa hewa mgongoni anajua kazi. Kumpeleka kazini bila mtungi uliojazwa ni kumdhulumu yeye na familia yake.

Viwanda vya Thika vina somo la kutoa hapa. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinamtaka mwenye kiwanda awe na kikosi chake cha kuzima moto na afanye mazoezi ya kuondoka jengoni walau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo upande wa viwandani kuna watu waliofundishwa, na kuna viwanda vyenye matangi na pampu. Mtaani Makongeni, kwenye nyumba za watu, hakuna sheria yenye meno ya aina hiyo. Mapatano ya maandishi kati ya kaunti na viwanda, kwamba usiku wa moto tangi fulani litafunguliwa na askari wa lango ana ruhusa ya kulifungua bila kumwamsha mkurugenzi, yangefupisha safari ya kujaza maji kwa kiasi ambacho gari jipya haliwezi.

Ambulansi nayo ina ugonjwa wa aina hiyohiyo. Gari lipo, mfumo unaolizunguka una mapengo. Sehemu kubwa ya kazi ya ambulansi za kaunti ni kuhamisha wagonjwa: mama mwenye uchungu uliokwama kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya Ruiru Level 4, kutoka hapo hadi Thika Level 5, ambayo hupokea pia wagonjwa wa Murang'a na Machakos. Ambulansi ikiwa njiani na mama huyo, haiwezi kuwa Juja kwenye ajali. Majeruhi wa barabarani hubebwa na aliye karibu: matatu, Probox, Land Cruiser ya polisi, huku mtu aliyevunjika uti wa mgongo akikunjwa kwenye kiti cha nyuma.

Na kufika hospitalini si mwisho. Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulansi, akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali kati ya Kiambu na Nairobi, kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi na pesa za kuweka rubuni. Alifariki. Ambulansi ilikuwepo muda wote huo, na kifungu cha 43 cha Katiba, kinachosema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, nacho kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye simu mwenye kujua kitanda kiko wapi kabla gurudumu halijazunguka.

Kazi hiyo inawezekana, na majirani wameifanya. Mpango wa m-mama wa Tanzania, ulioanzia kanda ya ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, una nambari moja ya bure, 115. Mhudumu aliyefundishwa huuliza maswali, huamua hospitali inayofaa na kuijulisha. Ambulansi ikikosekana, humwita dereva wa teksi wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Hawakusubiri kila kijiji kipate ambulansi. Walianza na anayepokea simu.

Kila mwaka kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wakaaji wa Thika na Ruiru, nendeni. Mkiambiwa magari mangapi yatanunuliwa, ulizeni ni mabomba mangapi ya zimamoto yaliyopimwa nguvu ya maji mwaka huu na yako mitaa gani. Ulizeni nani atapokea simu saa nane usiku, na kwa nambari ipi. Kabla hamjaondoka mkutanoni, iandikeni nambari hiyo kwenye lango la kila ploti.