Chakula Kimelipiwa, Mji Umeachwa

Video mmeiona. Imezunguka kwenye vikundi vya WhatsApp kuanzia Rongo, Awendo hadi Uriri, na sijakutana na mtu asiye na maoni. Chama chetu cha hapa Awendo, kikiwa ziarani Mombasa, kiko juu ya ukuta wa Fort Jesus, leso za akina mama zinapepea, mwongozaji ndiyo kwanza anafika kwenye mizinga inayotazama mlango wa bahari. Sauti ya mhazini inapanda kutoka uani: saa sita hiyo, turudi, chakula kimelipiwa. Simu inatikisika, watu wanaanza kushuka ngazi, na video inakatika.

Nisimzungushe mtu: uamuzi ule ulikuwa mbovu, na ndio ulioiharibu ziara nzima. Watu kumi na wanane walisafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka nchi ya miwa hadi pwani, wakafika mahali penyewe, kisha wakaitwa warudi hotelini kula wali.

Mengine yalipangwa vizuri. Kuchanga tangu Machi, kukata tiketi mapema, kila mtu na kitambulisho mkononi, kulala Nairobi kwa jamaa na kuchukua treni ya saa mbili asubuhi ili Tsavo waione mchana: mhazini huyo huyo ndiye aliyeyasimamia, na alifanya kazi safi.

Sasa turudi kwenye ile saa sita, tuitazame polepole. Chama kilikuwa kimelala Bamburi, kwenye hoteli ya ufuoni, kwa mpango wa fulbodi, yaani kitanda na milo yote mitatu. Asubuhi walipanda matatu mpaka Posta, wakatembea kwa miguu kuteremka Nkrumah Road, wakaingia ngomeni saa tano kasorobo. Hapo pongezi, maana ukiwa Posta huhitaji tuk-tuk ya kukupeleka Fort Jesus. Walilipa kiingilio cha raia, ambacho ni nafuu mno kikilinganishwa na anacholipa mgeni wa ng'ambo. Kufikia saa sita walikuwa wameona uani na upande mmoja wa ukuta, basi.

Hebu tuhesabu walichokiacha ndani peke yake. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira mwaka 1696 na hawakuitwaa mpaka 1698. Katikati ya mzingiro huo, mwaka 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama papo hapo chini ya ukuta, na wapiga mbizi walioichunguza miaka ya 1977 hadi 1980 walitoa vitu ambavyo vimewekwa kwenye makumbusho ndani ya ngome hiyo hiyo. Chama hakikuingia makumbusho. Hakikuiona Nyumba ya Waomani. Hakikuambiwa kwamba Waingereza walipageuza pale jela tangu 1895 mpaka 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome hii kuwa urithi wa dunia, na sisi tumeipa saa moja na robo.

Nje ya lango ndiko hasara ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nje hakuna kiingilio. Ukitoka ngomeni ukashika Ndia Kuu, uko Mji wa Kale: milango ya kuchongwa, roshani za mbao zinazoning'inia juu ya barabara, Msikiti wa Mandhry unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, halafu bandari ya kale ambako majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Hakuna anayekudai shilingi kuyatazama hayo. Kutoka hapo ungeenda Mama Ngina Drive, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2019, ukakaa ukingoni ukiangalia meli kubwa zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yake. Ungemaliza kwa kuvuka Likoni na kurudi, maana kivuko kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Yote hayo yalikuwa yamepangiwa alasiri ya siku ile. Hakuna lililofanyika, kwa sababu ukisharudi Bamburi, ukapita msongamano wa Daraja la Nyali, ukala na kushiba, hurudi tena kisiwani siku hiyo. Hilo kila anayeijua Mombasa analijua.

Na chakula chenyewe? Nimewauliza watatu waliokuwa meza tofauti, na majibu yao yanafanana: wali, mchuzi wa nyama, kabeji, chapati. Hicho ndicho chakula cha kila hafla ya harusi hapa Awendo. Wakati huo huo, mwendo mfupi kutoka langoni mwa ngome, kuna watu wanakaanga viazi karai ndani ya mafuta yanayochemka: kiazi kimechemshwa, kimechovywa kwenye unga wa rangi ya manjano, kinatoka kimevimba na ganda lake, kinapasuliwa na kumwagiwa chatini ya ukwaju. Kuna mishkaki, bajia, mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, madafu yanayokatwa mbele yako. Ukijumlisha nauli ya kwenda Bamburi kwa watu kumi na wanane na ile ambayo wangeilipa tena wakirudi mjini, pesa hiyo ingewalisha hapo hapo na chenji ingebaki. Kwa hiyo hata ukiutazama kwa jicho la mhazini, jicho la shilingi tupu, uamuzi wake haukuokoa kitu.

Wanaomtetea wana hoja moja, nami naiheshimu: pesa zilikuwa za watu, zimeshalipwa, na kazi ya mhazini ni kulinda pesa za watu. Lakini pesa iliyoko kwenye kaunta ya hoteli haikuwa tena ya chama. Wale wasile, haikuwa inarudi. Mali iliyobaki mikononi mwake adhuhuri ile ilikuwa nauli iliyomo mfukoni na saa sita za mwanga. Hizo ndizo alizotakiwa kuzilinda, na hizo ndizo alizozitumia kuifuata ile iliyokwisha kwenda. Mliokuwa mkijaa Green Stadium 2006, mwaka timu yetu ya SoNy ilipotwaa ligi, mnajua hakuna aliyetoka uwanjani kabla ya mapumziko kwa sababu chai ilikuwa imeiva nyumbani.

Kuna kundi jingine linalosema kosa lilikuwa fulbodi yenyewe, kwamba lilifanyika Awendo miezi mingi kabla. Sikubaliani nalo. Fulbodi ilikuwa chaguo baya, lakini nalisamehe. Mtu akiwa hapa, amesikia hadithi za bei za pwani mwezi Desemba, anaogopa. Anataka bei moja, ijulikane, iishe. Hofu hiyo ina msingi. Desemba hoteli zote za ufuoni hupandisha bei kwa sababu Nairobi nzima inateremka, na nimesema kwenye safu hii, wala sitachoka kusema, kwamba wakulima wa miwa hawana sababu ya kufuata kalenda ya watu wa ofisini. Uamuzi wa hofu, uliofanywa kabla ya kuuona mji, naweza kuuelewa. Uamuzi wa kusimama ndani ya Fort Jesus, ukauona mji kwa macho yako, kisha ukauacha, siuelewi.

Tena bahari ilikuwa imekwisha kuwapa jibu, kama kungekuwa na wa kuisoma. Mwezi ulikuwa umeandama siku tatu tu. Sisi tumezoea ziwa letu, Karungu, Muhuru Bay au Homa Bay, maji unayoyaacha asubuhi ukiyakuta palepale jioni. Bahari haiendi hivyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, na maji ya Mombasa hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Piga hesabu ya siku tatu: siku ile maji yalikupwa kabisa mnamo saa sita na nusu ya mchana, na yalikuwa yajae mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni. Maana yake, katika siku nzima hakukuwa na wakati mbaya zaidi wa kuwa ufuoni kuliko mchana ule. Chama kilimaliza kula, kikashuka ufuoni saa nane na taulo mabegani, kikakuta mwani, mawe, na maji yangali mbali huko kwenye mwamba. Wawili walikanyaga vile viumbe vya miiba na kushinda wakichomolewa. Maji yaliporudi na kuwa matamu kwa kuogelea, jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wanaitwa chakula cha jioni, nacho kimelipiwa.

Mjini mpaka saa kumi, kisha ufuoni saa kumi na moja: ndivyo siku ile ilivyotaka kuchezwa. Asubuhi nzima mabichi boi walikuwa wamekaa nje ya hoteli, na yeyote kati yao angewaambia hilo bure.

Mwalimu wetu wa jiografia asingefanya kosa hili. Jaduong' yule alitupeleka Mombasa tukiwa watoto wa shule, tukalala kwenye madarasa ya shule iliyotupokea, sufuria zetu wenyewe, unga wetu wenyewe kutoka nyumbani. Jambo la kwanza alilofanya tulipofika ni kwenda kuwauliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, akaandika kwenye daftari, na ratiba yote ya siku zilizofuata akaipanga kwa kufuata daftari lile. Chakula kilipikwa tuliporudi, saa yoyote tuliyorudi. Tulishinda na njaa, naam, na nakumbuka kila chumba cha ngome ile.

Kabla yake kulikuwa na wazee wetu waliofanya kazi bandarini Kilindini na kwenye reli, waliokaa Changamwe, Mikindani na Likoni. Mtu wa Sare au Ranen akitaka kuiona bahari alifunga omena kwenye gunia, akapanda gari moshi, akafikia kwa ndugu. Gari moshi lile lilikushusha kisiwani, mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ukatembea hadi Mwembe Tayari na mzigo wako kichwani. Hii treni mpya ya tangu 2017 inakushusha Miritini, bara, na hapo unaanza kutafuta usafiri upya. Kisha Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ikapandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500. Kwa familia ya watu sita kwenda na kurudi hiyo ni shilingi 6,000 za ziada, na mpaka leo sijasikia sababu inayomwingia akilini mtu aliyetoka kuuza miwa.

Hata hivyo, Mombasa si mji wa kumkomoa mwenye mfuko mdogo, na hili wengi hapa hawalikubali. Venice, Italia, ilianza Aprili 2024 kumtoza mgeni wa kutwa Euro 5 aingie tu mjini siku za msongamano. Mombasa haikutozi kuingia, haikutozi kuvuka maji, na ufuo wa umma kama ule wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanauita Pirates, hauna lango. Ughali wa Mombasa uko kwenye kitanda cha ufuoni na sahani ya hotelini. Chama chetu kilivinunua vyote viwili, kisha kikavitii.

Nasikia kuna mazungumzo ya kwenda tena Agosti. Agosti kusi bado inavuma na mwani huwa mwingi, ila walimu wako likizo, kwa hiyo sawa. Mhazini abaki, hakuna anayeshika hesabu kama yeye. Lakini saa za siku zishikwe na mtu mwingine, mwenye uwezo wa kutazama mwezi na kuwauliza wavuvi. Malazi yatafutwe kisiwani, kwenye nyumba za wageni za upande wa Mwembe Tayari, kitanda na chai ya asubuhi basi, na ufuoni waende kwa matatu maji yakijaa. Michango inaanza mwezi ujao. Kabla shilingi ya kwanza haijakusanywa, kikao kiandike kwenye kumbukumbu zake kwamba chakula cha mchana cha Mombasa hakilipiwi Awendo.