Mwenye Elimu Akichorwa

Tukitaka sanamu ya mwalimu au ya padri wetu ichorwe kwa rangi, tuitundike shuleni Baraka au Fizi, twamwambia nini fundi? Twapenda kumwagiza miwani, kalamu mfukoni, na vitabu vingi nyuma. Lakini miwani hununuliwa, na vitabu huazimwa. Elimu yenyewe yaonekana wapi?

Mwaka 1523 Hans Holbein alimchora Padri Erasmus wa Rotterdam, yule aliyetoa Agano Jipya kwa Kigiriki katika chapa mwaka 1516. Alimchora zaidi ya mara moja. Tulinganishe sanamu mbili za mwaka ule.

Katika moja Erasmus amevaa joho lenye manyoya. Nyuma yake mna nguzo iliyonakshiwa na rafu ya vitabu. Mikono yake imetulia juu ya kitabu chekundu. Kwenye ukingo wa kitabu yameandikwa maneno ya Kigiriki, maana yake “Kazi za Herakles”. Ni sanamu ya heshima, nayo imechorwa kwa ustadi. Lakini yatupasa kusoma maandishi ndipo tujue jinsi alivyotaabika.

Ya pili, iliyoko Louvre mjini Paris, ni ubao mdogo, urefu wake kama sentimeta 42. Haina nguzo wala rafu. Erasmus ameonyeshwa kwa upande, anaandika. Mkono mmoja washika kalamu, wa pili watuliza karatasi. Macho yameinama, midomo imefungwa. Hata pete vidoleni hazimshughulishi. Macho yake hayaji kwetu, kwa maana yanalifuata neno. Naona hii yaishinda ile: saburi na unyenyekevu wake twaviona pasipo kuambiwa.

Nasi watu wa ziwa Tanganyika tunaye mwenye elimu wetu, Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri, mwaka 1917, huko Baudouinville, kusini kwetu, ambako leo ni Moba. Hata kabla ya upadri, mwaka 1910 na 1911, maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalikwisha kupigwa chapa. Fundi atakayemchora asimvike elimu kama joho. Amketishe mezani, mbele ya ukurasa usiokwisha.

Wazazi na waalimu, tuangalie twatundika nini. Mtoto aonyeshwaye miwani atatamani miwani. Aonyeshwe mkono uandikao, naye atatafuta kalamu.