Kiburi Kilichojeruhiwa au Utii? Uhakiki wa Ufasiri wa Maisha ya Semei Kakungulu, Jinja na Mbale

Makala hii inahakiki namna maisha ya Semei Kakungulu yanavyofasiriwa katika mijadala ya dini mashariki mwa Uganda. Jemadari huyu wa Kiganda, aliyeitiisha sehemu kubwa ya Bukedi kwa manufaa ya Waingereza, alitarajia kuwa mfalme wa nchi hiyo. Hakutawazwa. Aliachiwa ardhi Mbale, mji aliouasisi, na mwaka 1906 akapelekwa Jinja kuongoza baraza la machifu wa Busoga hadi 1913. Baadaye alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali kwa hoja ya kumtegemea Mungu pekee. Mwaka 1919 alitahiriwa na kuanzisha jumuiya ijulikanayo leo kama Abayudaya.

Ufasiri uliozoeleka huyafunga matukio haya kwa uzi mmoja: kiburi. Aliyenyimwa taji, husemwa, alijitafutia dini isiyomweka chini ya askofu wala gavana. Wasifu wake ulioandikwa na Michael Twaddle (1993) unamweka ndani ya siasa za kuundwa kwa Uganda, na msomaji makini hawezi kuupuuza uchungu wa siasa hizo. Kasoro ya ufasiri huu ni kuichukua sababu ya mtu kuondoka kuwa ndiyo maana ya mahali alikofika.

Tuzingatie tohara. Katika mila ya Buganda, mfalme hakutahiriwa. Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, lakini tohara aliikataa. Hivyo, mtu aliyeutamani ufalme alijitia alama ambayo desturi ya kwao iliuepusha nayo mwili wa mfalme. Ni vigumu kuliita tendo hilo kujikweza.

Hata hivyo, tendo lenyewe halithibitishi unyenyekevu. Kwenye miteremko hiyohiyo ya Mlima Elgon, kijana wa Kimasaaba hukikabili kisu cha imbalu akiwa wima, mbele ya umati, bila kutetemeka. Kwake na kwa ukoo wake hiyo ni fahari, wala si kiburi. Tena, Kakungulu aliyejishusha chini ya Torati ndiye aliyewaandikia wafuasi wake kitabu cha kanuni na sala kwa Luganda mwaka 1922. Na wakulima waliotawaliwa na maajenti wa Kiganda wangekiona kiburi chake kwingine kabisa: katika uvamizi wa awali, ambao utawala wa kikoloni ulinufaika nao.

Kwa hiyo unyenyekevu si sifa inayosomeka usoni mwa mtu. Ni uhusiano, na swali lake la kwanza ni: mbele ya nani? Kakungulu hakuinama mbele ya gavana. Aliinama mbele ya maandiko. Mahubiri yasiyolijibu swali hilo huchanganya kumtii Mungu na kumtii mkubwa.

Funzo hili linawahusu pia washauri wa sera. Jumuiya ya waumini inapokataa chanjo au dawa, kuiita yenye kiburi hakuokoi mgonjwa hata mmoja. Wamalaki walijiona watiifu, si wakaidi. Afisa atakayeuliza kwanza wanamtii nani, na kwa andiko lipi, atakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo. Atakayeanza kwa kuwataka wanyenyekee atakuwa ameshaudai utii kwa ajili yake mwenyewe.